Kaseti ya Krismasi: sauti ya baba imekuwa nyembamba

SautiYaPili (4 Desemba)

Habari zenu wakuu. Nina maswali mawili kuhusu wimbo mmoja na kaseti moja, lakini hayataeleweka nisipowasimulia kwanza Krismasi yetu ilivyokuwa.

Mkesha wa Krismasi nyumbani ulikuwa na jambo moja lisilobadilika. Watu wakishakula na vyombo vikishaondolewa, baba alisimama akazima taa za nyumba nzima, moja baada ya nyingine. Alizizima mwenyewe, hakumtuma mtoto. Mama aliwasha mshumaa mmoja na kuusimamisha kwenye kisosi. Sisi watoto tulijipanga ujiani, kati ya sebule na vyumba vya kulala, kwa sababu baba alikuwa amegundua kwamba pale kuta zilivyo karibu sauti zinarudi na kuchanganyika vizuri, ilhali sebuleni makochi na mapazia yanazimeza. Halafu alitoa kinanda cha mdomo kwenye mfuko wa shati, akakipangusa kwa kiganja, akapuliza noti moja. Sijawahi kumsikia akipiga wimbo kwa kinanda kile. Kazi yake ilikuwa kutoa "do" mara moja kwa mwaka, kisha kilirudi kwenye kijaluba chake kabatini.

Baada ya ile noti alisema "Haya", akaimba peke yake ubeti wa kwanza wa Usiku Mtakatifu. Kuanzia ubeti wa pili tuliingia wote: mama na dada sauti ya kwanza, mimi ya pili, kaka ya tatu alipokwisha kubaleghe, na baba akashuka kwenye besi. Ukiijua besi ya wimbo ule unajua haina mbwembwe. Inakaa mahali pamoja muda mrefu, inasogea kidogo, inarudi. Nilipokuwa mtoto nilimwonea huruma baba kwa kupewa kazi ya kuchosha namna ile. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba mimi na sauti yangu ya pili tulikuwa tumeegemea pale siku zote.

Kabla ya kuimba alikuwa na hadithi yake pia, kila mwaka kwa maneno yaleyale: kwamba wimbo ule ulizaliwa kwa sababu panya walitafuna mifuko ya upepo ya kinanda cha kanisa, padri akakosa muziki wa mkesha, ikabidi atafute gitaa.

Nilipokuwa na miaka 9 baba aliweka redio kaseti sakafuni pale ujiani akarekodi. Ni kaseti ya dakika 60. Upande wa kwanza unaanza na sisi tukisalimia na kutaja majina yetu, kisha dada anasoma habari za wachungaji, kisha kuna maneno ya mama ya shukrani, na mwisho kabisa, karibu na utepe kuisha, ndipo kuna wimbo.

Hii itakuwa Krismasi ya nne bila yeye. Ya kwanza na ya pili hatukuimba. Hakuna aliyesema tusiimbe, ila taa hazikuzimwa, usiku ukapita. Mwaka jana kaka alitoa wazo kwamba tupige kaseti, baba aimbe ubeti wake kama kawaida, kisha tuizime na sisi tudakie ubeti wa pili palepale alipoachia. Tukajaribu. Mama aliingia chumbani baba akiwa bado kwenye mstari wa pili. Sisi tukaendelea. Tulipofika ule mstari wa juu karibu na mwisho, sauti ya dada ikakatika, mimi nikashuka nikapotea, kaka akanyamaza. Tulibaki gizani, na hakuna aliyejua ni nani wa kuwasha taa.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Sauti ya baba kwenye kaseti si ile ninayoikumbuka. Ni nyembamba, ya kijana, na anaimba kama mtu aliye na safari asubuhi. Kaka anasema ndivyo alivyokuwa enzi zile, kwamba sisi tunakumbuka sauti yake ya uzeeni. Huenda ni kweli. Mimi naogopa kwamba nimeanza kuisahau.

Maswali yangu sasa. La kwanza, nawezaje kuihamishia kaseti hii kwenye kompyuta bila kuiharibu? Ina zaidi ya miaka 30 na iko moja tu. La pili ndilo linalonisumbua zaidi: ninyi mliompoteza yule aliyekuwa akianzisha wimbo nyumbani, ubeti wake mlimpa nani?

---

mjukuu_wa_mwisho (4 Desemba)

Pole sana dada. Nimesoma nikafika pale pa kuwasha taa, nikaweka simu chini kwanza.

Kwetu aliyeanzisha alikuwa babu, na kuna neno moja katika ubeti wa tatu wa wimbo wake alilikosea maisha yake yote. Bibi alimrekebisha kila mwaka na yeye alikubali kwa upole, kisha mwaka uliofuata akalikosea tena. Alipoondoka, mkesha wa kwanza tulifika kwenye neno lile na watu kumi na wawili tukalikosea wote kwa pamoja, bila kupanga. Hata bibi. Tangu hapo ndivyo tunavyoimba, na wadogo wanadhani ndivyo lilivyoandikwa.

Kwa hiyo kuhusu swali lako la pili: sisi ubeti hatukumpa mtu. Tuliugawana. Kuhusu kaseti, mimi ningeisikiliza siku nyingine kabisa, mchana, mmekaa. Kumsikia aliyekufa na kutakiwa kuimba papo hapo ni kazi mbili, na kila moja inatosha usiku mzima.

---

FundiUtepe (5 Desemba)

Pole kwa msiba, dada SautiYaPili. Nimetengeneza redio kaseti na deki muda mrefu, na kuna kitu katika maelezo yako kimenifanya nisome mara mbili. Nitarudi kwenye namna ya kuihamisha, lakini naomba unijibu haya kwanza.

Siku ile baba aliporekodi, redio ilikuwa kwenye umeme au kwenye betri? Mnapotaja majina mwanzoni mwa kaseti, mnasikika kawaida? Na dada anayesoma na mama anayeshukuru, je, kadiri utepe unavyokwenda watu wanazidi kusema haraka? La mwisho: kile kinanda cha mdomo bado mnacho?

Sababu ya kuuliza ni hii. Kaseti imetengenezwa ili utepe upite mbele ya hedi, yaani kile kichwa kinachorekodi na kusoma sauti, kwa kasi moja, sentimita 4.76 kwa sekunde. Mota ya redio ikiwa na betri zilizochoka inazunguka polepole, na aliyepo pale wakati wa kurekodi hajui, kwa kuwa anasikia watu kwa masikio yake, hasikii utepe. Baadaye kaseti ileile ikipigwa kwenye redio nzima yenye kasi sahihi, kilichorekodiwa taratibu kinatoka mbio. Wimbo unakuwa mfupi, na sauti zote zinapanda juu. Mwanamume mwenye sauti nzito anasikika kijana.

Nisikuahidi kitu kabla hujajibu. Ila usijihukumu kwamba umesahau mpaka tumepima.

---

SautiYaPili (5 Desemba, usiku)

Fundi, mikono inatetemeka ninapoandika.

Ilikuwa betri. Nimempigia mama simu kuuliza, akajibu bila kufikiri: ile redio waya wake ulikuwa umekatika, baba aliweka betri alizozitoa kwenye tochi. Na nimesikiliza upande wote wa kwanza kwa namna ambayo sijawahi kuusikiliza. Mwanzoni tunasikika kama watoto wa kawaida. Dada anaposoma habari za wachungaji anaharakisha kidogo, na siku zote tulidhani alikuwa na hofu. Mama kwenye shukrani anaenda mbio zaidi, naye mama hajawahi kusema mbio. Halafu ndipo wimbo.

Kinanda kipo. Kiko kwa mama, kabatini, kwenye kijaluba kilekile.

---

Mwalimu_wa_Kwaya (6 Desemba)

Dada, nimefuatilia tangu jana. Fundi atashughulika na utepe, mimi naomba nizungumzie pale wimbo ulipowakatikia, kwa kuwa nadhani mmebeba lawama isiyo yenu.

Usiku Mtakatifu unasikika mwepesi kwa sababu unaanza chini na kwa upole. Lakini pima upana wake. Noti ya chini kabisa ni do ya mwisho wa wimbo, na ya juu ni fa iliyo juu ya do ya pili. Ukihesabu ni noti 11. Nyimbo nyingi za kuimbwa na watu wote hazivuki upana wa noti nane au tisa. Ile fa ya juu inakuja katika mstari wa mwisho lakini mmoja, watu wakiwa wameshatumia pumzi, na inakuja mara moja bila ngazi ya kukupandisha taratibu. Ukianzisha wimbo juu kidogo tu, hakuna atakayegundua katika mistari minne ya kwanza. Wote watagundua pale. Nimeona kwaya yenye mazoezi ya mwezi mzima ikivunjika palepale kwa sababu aliyetoa noti alikuwa na msisimko wa sikukuu.

Sasa, kama Fundi yuko sahihi, mwaka jana mlidakia ubeti wa pili kutoka kwenye kaseti iliyopanda. Mliimba katika ufunguo ambao baba yenu hakuwahi kuwapa. Pengine huzuni ilikuwepo, sina haki ya kusema haikuwepo. Lakini sauti ya dada yako inaweza kuwa ilikatika kwa sababu noti ile haikuwa yake.

Pimeni kinanda kwa programu ya kupimia noti kwenye simu. Kipulizeni polepole, bila nguvu, kwa sababu pumzi kali hupotosha noti. Kisha pimeni noti ileile kwenye kaseti.

Na kuhusu panya. Hadithi ya baba ni maarufu duniani kote, lakini haina ushahidi. Tunachojua ni kwamba padri kijana Joseph Mohr aliandika shairi mwaka 1816, na tarehe 24 Desemba 1818 alimpelekea Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga kinanda, akimwomba alitungie muziki wa sauti mbili na gitaa. Jioni hiyohiyo waliuimba katika kanisa la Mtakatifu Nikolao, Oberndorf, Austria. Mohr aliimba sauti ya juu na kupiga gitaa, Gruber akaimba besi. Mwaka 1854 Gruber mwenyewe aliandika maelezo ya jinsi wimbo ulivyopatikana, na humo hakuna panya wala kinanda kilichoharibika.

Jambo moja ambalo naona linawahusu: nakala yenye gitaa iliyoandikwa kwa mkono wa Mohr iko katika ufunguo wa D, yaani do yake ni noti D. Vitabu vingi vya nyimbo baadaye vikaushusha hadi B flati, hatua mbili nzima chini, ili watu wa kawaida waifikie ile fa. Wanaume wawili wenye gitaa hawakuwa na tatizo na D. Familia iliyosimama ujiani ingekuwa nalo.

---

nyumba_ya_kaskazini (6 Desemba)

Samahani nitasema tofauti kidogo. Msiirekebishe hiyo kaseti. Miaka zaidi ya 30 familia imeisikia ikiwa hivyo, na hiyo haraka yenyewe ni sehemu ya kumbukumbu. Mimi nina picha ya mama yangu iliyopauka ikawa ya manjano, mtu akataka kunirudishia rangi kwa kompyuta. Nilikataa. Mama niliyemjua kwenye picha ni wa manjano.

---

FundiUtepe (6 Desemba)

Nyumba ya kaskazini, nakuelewa, na kwa sababu hiyohiyo kanuni ya kwanza ni kwamba kaseti yenyewe haiguswi na nakala ya kwanza haiguswi. Marekebisho yanafanywa kwenye nakala ya pili. Anayetaka ile ya haraka ataikuta kama ilivyo. Lakini picha iliyopauka iliwahi kuwa sahihi, ikaharibiwa na jua. Kaseti hii haikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na aliyerekodiwa hakuwahi kupata nafasi ya kusema "mimi siko hivyo".

Dada, fanya haya. Geuza kaseti utazame mgongo wake, upande wa juu: kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja kila pembe. Vivunje vyote viwili, leo hii. Vikishaondoka, redio haiwezi kurekodi juu yake hata mtoto akibonyeza kitufe. Hili ni muhimu kuliko yote yanayofuata.

Tafuta deki nzuri, siyo ile redio ndogo ya bei rahisi. Hedi na gurudumu la mpira vipanguswe kwa pamba yenye spiriti safi, viachwe vikauke. Tazama ndani ya kaseti, katikati ya uwazi wa mbele, kuna kipande kidogo cha sufi kinachobana utepe kwenye hedi. Kwenye kaseti kuukuu gundi huisha kikadondoka, na sauti inakuwa kama ya mtu aliyeziba mdomo kwa blanketi. Kama kipo na kimeshika, endelea. Peleka utepe mbele hadi mwisho, kisha urudishe nyuma, ili ulegee mahali ulipogandamana kwa kukaa. Halafu piga mara moja tu ukirekodi, kutoka kwenye tundu la kutolea sauti la deki kwenda kwenye kompyuta. Usirekodi kwa simu iliyowekwa mbele ya spika. Hifadhi kama WAV, maana MP3 inatupa baadhi ya sauti ili faili liwe dogo, na wewe hapa hutaki kutupa chochote. Weka nakala tatu mahali patatu tofauti.

Ukishapima kinanda niambie namba.

---

SautiYaPili (13 Desemba)

Nilikwenda kwa mama wikiendi. Vijino nimevivunja, kaseti imenakiliwa, sufi ilikuwa imeshika.

Kinanda kina herufi C iliyochongwa pembeni, ndogo, imekaribia kufutika. Nilikipuliza tundu la nne kama nilivyomwona baba akifanya. Programu ikaonyesha C, chini kidogo. Kisha nikapiga kaseti kwenye ile noti yake. Programu ikaonyesha D, chini kidogo vilevile.

Wimbo wote kwenye kaseti, kutoka noti ya kinanda hadi wanapomaliza, ni dakika 2 na sekunde 40.

---

FundiUtepe (13 Desemba)

Basi ni hatua moja nzima. Vijani vya shaba ndani ya kinanda vinaweza kupoteza usahihi kidogo kwa miaka, ndiyo sababu ya hiyo "chini kidogo", lakini haviwezi kuhama hatua nzima, tena umeona upungufu ni uleule pande zote mbili. Kinanda kimetunza ushahidi.

Tumia Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ni ya bure. Chukua nakala ya pili, chagua wimbo peke yake, nenda kwenye amri inayobadili kasi na sauti kwa pamoja. Usichukue ile inayoshusha sauti peke yake na kuacha mwendo ulivyo, maana kosa la mota liligusa vyote viwili. Kasi iwe 0.891 ya ilivyo sasa, yaani punguza asilimia 10.9. Wimbo utatoka ukiwa na dakika 3 kamili, ukikosa chini ya sekunde moja.

Angalizo: namba hii ni ya wimbo tu. Betri zilikuwa zinakufa taratibu, kwa hiyo salamu za mwanzo hazihitaji marekebisho kiasi hicho, na shukrani za mama zinahitaji kiasi cha katikati. Huko huna kinanda cha kupimia. Ningeziacha.

---

Mwalimu_wa_Kwaya (14 Desemba)

Kwa hiyo alikuwa akiwapa C, na kaseti ikawapa D. Ile fa ya juu mwaka jana ilikuwa G. Kwa watu wasiofanya mazoezi, wenye donge kooni, G ile ni mlima.

Hata C bado iko juu kwa mama wa umri wake. Mkiona vigumu, kinanda hichohicho kinaweza kuwapa B: badala ya kupuliza, mvute pumzi kwenye tundu la tatu. Au abadilishane na wewe. Sauti ya pili katika mstari ule haina mlima.

Kuhusu nani aanze: mimi ningemwondoa mtu yeyote kwenye mzigo wa kuwa baba. Mmoja apulize noti, wote waanze pamoja.

---

mjukuu_wa_mwisho (14 Desemba)

Na hadithi ya panya muisimulie vilevile. Ni ya baba.

---

SautiYaPili (27 Desemba)

Nimechelewa kurudi, nyumba ilijaa watu. Naandika kwa sababu mlinipa muda wenu na mnastahili kujua.

Nilifuata ushauri wa kutenganisha. Tarehe 23 mchana niliwakalisha kaka, dada na mama sebuleni, mapazia wazi, nikawaambia nimepata kaseti ikiwa safi zaidi. Sikueleza mambo ya betri. Niliogopa mama angeondoka, kwa hiyo nilikaa karibu na mlango, jambo ambalo sasa naliona la kitoto.

Kikasikika kinanda. Halafu "Haya".

Kaka aliinama. Dada alinitazama mimi, siyo kompyuta. Ilikuwa sauti yake, fundi. Ilikuwa nzito, ina uzito ule wa chini kama mtu anayesogeza kabati chumba cha pili, na hakuwa na haraka hata kidogo. Alikuwa akivuta pumzi kwa raha kati ya mistari. Pumzi zile kwenye kaseti ya zamani hazikusikika kama pumzi, zilikuwa kama mikwaruzo.

Mama hakuondoka. Alisikiliza ubeti wote wa kwanza akiwa ameshika kitambaa chake bila kukitumia, na ulipoisha akasema: "Alikuwa na mafua siku ile."

Sisi watatu hatukuwa tumesikia mafua yoyote. Tukarudisha. Kweli, kuna herufi anazozitoa puani, mbili tatu hivi, na mara moja anameza mate katikati ya neno. Mama akaendelea kueleza kwamba baba aliamka na mafua, akamkataza asiimbe, wakabishana jikoni, na kwamba aliimba akiwa amefunga shingo kwa skafu yake mama, ya rangi ya zambarau. Hakuwa ametusimulia habari hii hata siku moja. Nilipomweleza kuhusu betri alinyamaza muda, kisha akasema kwamba miaka yote kaseti ile ilipopigwa alikuwa anaona aibu kusema kwamba hamtambui mumewe.

Mkesha tulizima taa. Kila mmoja alizima ya chumba kimoja, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuzizima zote. Mtoto wa kaka, ana miaka 9, ndiye aliyepuliza kinanda. Tulimfundisha mchana kutwa apulize noti moja tu, akalalamika kwamba ni kidogo mno, mwisho akakubali. Dada alisimulia panya. Tukaanza wote pamoja ubeti wa kwanza, na besi aliiimba kaka, ambaye siku zote alikuwa sauti ya tatu. Haikuwa nzuri sana, anaitafuta bado, lakini tuliegemea.

Tulikaa kwenye C. Tulipokaribia mstari ule, mama alinishika mkono akashuka kwenye sauti ya pili, na mimi nikapanda na dada kwenye ya kwanza kama tulivyopanga. Ilishika. Tulikwenda beti zote tatu bila kukatika.

Baadaye watoto walipolala mama aliomba kaseti tena. Hakutaka wimbo, alitaka pale mwanzo tu. Tumeisikiliza hiyo "Haya" mara nne, tukiwa tumesimama jikoni, kisha akasema inatosha, nizime, tuoshe vyombo.